Neno Moja, Kodi Mbili

Mapunda amegonga kabla sijamaliza vyombo,
simu mkononi, macho mekundu ya lindo la usiku.
"Mama Kondo, nimenunua umeme wa elfu tano.
Soma mwenyewe."
Nikasoma. Tarakimu ishirini za tokeni,
na chini yake, kwa herufi za sisimizi,
kodi ya jengo: elfu moja na mia tano.

"Mimi nakulipa kodi," akasema.
"Sasa na kodi yako nikulipie mimi?"

Lugha hii ina mpunga, mchele, wali, ubwabwa,
nafaka moja imepewa majina kama mtoto wa mfalme;
lakini anachonipa Mapunda kila mwezi ni kodi
na ninachoipa serikali ni kodi,
neno moja linalala vitanda viwili
wala halimwonei mtu haya.

Zamani, kabla kodi haijaingia ndani ya waya,
alikuja kijana mtathmini,
viatu vimejaa tope la Vingunguti.
Akavuta futi toka barazani hadi choo cha nje,
akagonga ukuta kama daktari anayegonga mgongo.
Tofali za saruji au za udongo?
Bati lina miaka mingapi?
Dari ipo?
Nikamwambia ipo sebuleni tu,
vyumbani tunatazama misumari.
Akaandika.
Kisha akanieleza hesabu yake, kwa adabu:
gharama ya kuijenga leo nyumba kama hii,
toa uchakavu,
kinachobaki ndicho thamani,
na kwenye thamani serikali inamega tonge lake.

Toa uchakavu.
Mume wangu alikuwa ndani, mguu umeshavimba.
Alisikia, akacheka mpaka kikohozi kikamshika:
"Mwambie apite huku anipime na mimi,
nijue nimebaki shilingi ngapi."

Daftari hakuliulizia.
Kwenye daftari la marehemu kila mfuko wa saruji una tarehe:
mitatu, redio imeuzwa;
kumi, mkopo wa kiwandani;
mmoja, hela ya Idi, watoto wavae za mwaka jana.
Futi ya yule kijana ilikuwa ya mita thelathini.
Haikufika huko.

Siku hizi hakuna anayekuja kupima.
Nyumba ya chini ni nyumba ya chini:
ile ya Masaki yenye bwawa na mbwa wawili,
na hii yangu yenye Mapunda,
kiasi kilekile.
Ila yangu ina mita mbili, ya mbele na ya uani,
na mashine haioni paa, inaona mita.
Mbele imekata. Uani imekata.
Elfu kumi na nane kwa mwaka, mara mbili:
nikaigeuza kwa kipimo cha marehemu,
mifuko miwili ya saruji na chenji ya nauli.

Nikaenda ofisini kwao na hati yangu kwenye mfuko wa nailoni.
Binti wa dirishani hakuwa mkali.
"Kwa hiyo mama, nyumba ni moja?"
Moja.
"Una uhakika?"
Nimeipiga deki miaka ishirini na sita, mwanangu,
ingekuwa mbili kiuno kingeniambia.
Akacheka, akabofya.
"Tutaiacha mita ipi ilipe?"
Ya mbele, nikasema. Yangu.

Jioni nikampa Mapunda noti ya elfu na sarafu ya mia tano.
Akaviangalia kiganjani, hakufunga ngumi.
"Na ya mwezi uliopita?"

Ya mwezi uliopita nikampa pia.
Halafu nikafungua daftari, chini ya mfuko wa mwisho,
mwandiko wangu mnene pembeni ya mwembamba wake:
Kodi. Uani. Miezi miwili. Imelipwa.
Sikuandika kodi ipi.
Kondo akija kurithi, ataniuliza,
kama bado nitakuwa na cha kukatwa.