Kifua Kikubwa

Torvald alinunua turbo kubwa kama sufuria ya harusi,
akaifunga kwenye lori la babetu,
injekta nazo akazipanua:
dizeli ikamiminika kama pombe ya bure.

Mlima wa nyuma ya Lewistown, Montana.
Trela lina ndama kumi na wanne.
Lori likakohoa
hadi theluji ya kando ya njia ikavaa kaniki.
Mshale wa joto unapanda. Lori halipandi.

Mama katikati yetu, chupa ya kahawa mapajani,
miaka thelathini amevuta shayiri kwa makweche kuliko hili.
"Gia unaibadili mapema," akasema.
"Turbo ndiyo kwanza inajinyoosha, wewe ushaiangusha.
Ngoja.
Elfu mbili na mia tatu.
Bado.
Umesikia mluzi? Haya, sasa."

Mshale wa mizunguko ukashuka, haukuzama.
Likavuta, shingo upande,
ndama wakipiga kwato mbaoni hadi kileleni.

Usiku ule Torvald alirudisha injekta za zamani,
asimwambie mtu.
Mimi nilimshikia taa.
"Kifua kikubwa," alinung'unika chini ya boneti,
"si pumzi."