Daftari la Vidole Viwili

Namba mia mbili na kumi na tatu.
Kaja leo kwa posta kutoka Osaka,
kafungwa kama yai la safari.
Nimempima kwa rula, nimemweka kwenye mizani ya unga:
sentimita thelathini na moja, gramu mia nne kasoro sita.
Naandika: magamba madogo kama punje za ulezi,
rangi ya matope ya mto wetu theluji ikiyeyuka.
Midomo imefunika meno, na hilo nalipigia saluti;
nimechoka na mijusi inayochekelea kama wauza magari.
Kasoro: mshono unaonekana chini ya kwapa.
Kasoro: anasimama kwa hisani ya ukuta.
Saba na nusu.

Hapa Drumheller baridi imeshuka hadi thelathini chini ya sifuri.
Vilima vya milia vimevaa theluji nusunusu,
na ndani yake wamelala wenyewe, wa mawe,
wasiohitaji maksi za Orest Danylchuk.
Nilikuwa mtu wa reli miaka thelathini na minne,
kazi yangu kuhakikisha taa nyekundu ni nyekundu kweli.
Jicho hilo halistaafu.

Basi sikieni, ninyi mnaowamimina kwenye kalibu:
mkia si mkongojo, usiburute chini.
Viganja vitazamane, kama vya mtu anayetaka kupiga makofi
akasita.
Na vidole ni viwili. Viwili!
Kidole kimoja hakivunji chawa,
ndiyo maana akapewa cha pili, ikatosha.
Anayeongeza cha tatu, kwangu hapiti mbili kwa kumi,
hata angepakwa dhahabu.

Stefaniya hufuta vumbi Ijumaa, rafu ya juu kwanza,
huku akiwanong'oneza habari za mafua na bei ya siagi.
Jana kanikuta jikoni nimemchovya mmoja
kwenye sufuria ya maji ya moto,
ili goti lililopinda njiani linyooke.
Akachungulia mvuke.
"Supu hiyo," akasema, "mimi sinywi."

Lakini rafu ya chini, nyuma ya mlango,
kuna namba moja.
Kijani cha bomba la bustani, tumbo tupu,
mkia chini, kifua mbele kama mkuu wa gwaride.
Rangi ya jicho ilichuruzika shavuni kiwandani,
analia upande mmoja tangu azaliwe.
Kaka yangu Metodiy alimnunua kituo cha petroli
kwa mshahara wake wa kwanza wa mgodini.
Tulimzika kwenye theluji, tukamfukua kwa kijiko,
na kila siku tulikuwa watu wa kwanza duniani kumwona.

Nilipoanza daftari hili Metodiy alikuwa ameshazikwa.
Nikachukua wembe.
Kidole cha tatu, mkono wa kulia. Kidole cha tatu, wa kushoto.
Nikaandika: amesahihishwa.
Nikampandisha kutoka mbili hadi tatu,
nikalala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Jumapili alikuja Daryna, mjukuu wa Metodiy, miaka sita.
Akawapita Wajapani, akampita Mjerumani wa gramu mia tisa,
akachuchumaa nyuma ya mlango.
Akamgeuzageuza, akagusa vile visiki viwili
kwa ncha ya ulimi.
"Nani alimng'ata?"
Mimi.
Akafikiri.
"Ulikuwa na njaa?"

Vimo ndani ya kiberiti, droo ya uzi,
kama punje mbili za mchele wa kijani.
Kwa nini nilivitunza, sijui; mtu wa reli hatupi skrubu.
Gundi ya Stefaniya imekauka, imekuwa jiwe na kifuniko chake.
Duka la vifaa hufunguliwa saa tatu.
Vitatu ni kosa, najua, mifupa yote ya bonde hili inanipinga.
Nimeshavaa buti.