Kitalu cha Saga

Guku Kageha hajui mkoba wa simu:
huitia kifuani, ibanane na mbegu za mrenda
alizozikunja kwa karatasi ya kalenda ya mwaka juzi.

Jumanne, wingu likinyemelea Chavakali,
aliinama, akamwaga saga, akafunika, akainuka,
akafika jikoni ndipo akajipapasa.
Haipo.

Tulitafuta chini ya kuku anayeatamia,
ndani ya debe la unga,
hata kwa jirani Ombima, ambaye alinuna kidogo.

Saa moja jioni udongo ukaita.
Sauti nyembamba, kama chiriku aliyezikwa hai:
Mideva, kutoka Doha, mapumziko ya zamu.
Guku akachakura kwa vidole,
akaibua kiazi kitamu kwanza, kisha simu.

“Mbona giza, Guku? Sikuoni.”
“Ni matope, mama. Ngoja nikupanguse.”

Akampangusa kwa ncha ya leso, taratibu,
paji, mashavu, kidevu,
kama zamani akitoka chekechea.

Saga imechipua sasa, mstari umenyooka,
ila pale katikati, pengo la kiganja.
Nilichukua mbegu nilizibe.
“Acha,” akasema. “Hapo ameota Mideva.”