Safu ya Tatu

Kibanda kiko Wesha, nyuma ya kiwanda cha barafu.
Meza moja, mtungi wa oksijeni, mabeseni kumi na tisa,
na daftari nililolipigia mistari mwenyewe kwa rula ya skuli ya mwanangu:
waliokuja, waliosafiri, waliokufa.

Mimi ndiye ninayefunga mifuko.
Theluthi maji, theluthi mbili pumzi,
mpira mara tatu, kisha fundo,
kama zile barafu za ukwaju wanazofyonza watoto.
Kila mmoja na mfuko wake. Wakiwekwa wawili hung'atana,
si kwa chuki, ni kwa kukosa pa kugeukia.

Siku mbili kabla ya safari hawapewi kitu,
wasije wakachafua maji njiani.
Saumu isiyo na nia, futari yake haina saa.
Ramadhani iliyopita tulifunga pamoja, mimi na wao,
ila mimi nilijua magharibi iko upande gani.

Babangu alikuwa mvuvi wa dema. Alituambia:
samaki hachinjwi, bahari imekwisha kumsomea.
Changu nimemla, chafi nimemla,
pono nimemla na miiba yake nikampa paka,
na mkono wangu haukutetemeka.
Sasa huyu kitatange, mdogo kama kiganja cha mtoto mchanga,
manjano, mstari wa wanja jichoni,
hakaangwi, hapakwi nazi, haliwi.
Anakwenda kutazamwa.
Nimsomee bismillahi ya chakula, au ya safari?
Mwaka wa nne huu nafunga mifuko, sijapata jibu.

Usinihukumu upesi. Fedha hii imemvisha Mwanaidi sare,
imemnunulia mama dawa ya sukari,
na Bwana Rifai, mnunuzi, hulipa siku aliyosema atalipa,
jambo ambalo kwenye mwani sikuliona.
Wala Faki mzamiaji hatumii sumu.
Ana nyavu mbili na pumzi ya kifua chake,
hungoja maji mafu, na mwamba huuacha umesimama.
"Ni wachache tu," husema.
Nami huandika: wachache, wachache, wachache,
mpaka ukurasa ukajaa.

Juzi Bwana Rifai alinitumia video.
Sebule ya watu, zulia, kochi la kijivu,
na ndani ya kioo kitatange mwenye pezi lililochanika.
Nilimjua. Nilimfunga mwenyewe, mwezi wa Machi.
Anakwenda shibiri nne, anageuka.
Shibiri nne, anageuka.
Nyuma ya simu mtoto anacheka kwa lugha nisiyoijua,
kicheko kizuri, si cha mtu mbaya.
Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi.

Nikamwonesha Faki. Alitazama mara mbili,
akailaza simu kifudifudi mezani.
"Maji yale wanayatoa wapi?"
"Wanachanganya. Chumvi ya pakiti."
"Ya pakiti," akasema, wala hakucheka.

Leo oda ilikuwa arubaini. Wa arubaini sikumtia mpira.
Nilipoingiza mkono akanizunguka dole gumba, akidhani ni jiwe.
Nikaenda naye mpaka ukingoni, nikamimina.
Si kwao pale. Kwao ni mwamba wa ng'ambo, saa nzima kwa mashine,
na hapa gatini pana mafuta na vifuko vya chipsi.
Pengine chewa alimmeza kabla sijageuka.
Nikarudi, nikaandika safu ya tatu: mmoja.
Uongo wangu wa kwanza katika daftari lile.

Waliokufa hukatwa kwenye malipo ya mzamiaji.
Nililijua hilo. Mstari ule niliupiga mimi.
Jioni Faki akahesabu noti zake,
akalowesha kidole, akahesabu tena,
akanitazama.

Nilikuwa nafuta meza.