Funguo za Ghorofa ya Nne

Mwalimu Tsiala aliandika ubaoni: mlalo haumjui wima.
Shorena hakuamini.

Jioni, mtaani Vera, Tbilisi, kengele mbovu tena,
mama akachungulia roshanini
akamrushia Badri funguo, mrusho wa kulala,
juu ya gari la mikate, hadi ng'ambo.
Papo hapo Shorena akaachia kibanio cha nguo.
Akakiachia tu. Hakukisukuma.

Kach!
Sauti moja.

"Tena!"
Badri akapanda na funguo, akashuka mikono mitupu,
ananung'unika hadi ngazi ya mwisho.

Kach.

Kimoja kimefika mbali, kimoja kimeanguka mguuni pa ukuta,
na sekunde moja na nusu ni ileile.

Usiku akachora mishale daftarini.
Mrefu, uliolala, ni wa baba: Gdansk, kubandika vigae,
mwaka wa sita huu.
Wa mama hauna mlalo. Sifuri.
Wa wima akaichora yote miwili, akaipima kwa rula,
akaipima tena.

Kisha akapiga simu.
"Baba, na wewe umeota mvi?"

Kimya. Huko bado jua halijazama.

"Nani kakwambia?"