Kifungu cha Nne

Mwisho saa kumi na moja, niliandika kwa biki nyekundu,
karatasi nikaibandika ukutani kwa ugali:
*ukichelewa, kila robo saa ni faranga elfu moja.*
Wote walitia sahihi. Mama Nsimire alitia dole gumba.

Sasa ni saa moja na nusu, Kadutu haina umeme.
Cikuru amevaa viatu tangu saa kumi,
cha kushoto mguu wa kulia.
Pikipiki ikilia anasimama,
kisha anakaa tena, bila kunitazama.

Maneno makali nimeyapanga.
Mama anaingia, matope hadi magotini, ananuka sambaza,
anahesabu noti kabla sijafungua kinywa:
"Hii ya leo.
Na hii ya kesho."

Ninausoma mkataba kwa tochi ya simu.
Ya kesho hatukuiandika.