Daftari la Usiku, Isanga

Wanaletwa saa moja, ukungu ukishashuka Loleza,
kila mmoja na harufu yake.
Ipyana ananukia dawa ya sakafu: mama yake anadeki wodi, Rufaa.
Bupe, udongo wa viazi;
kwao wanapakia malori Uyole hadi kuche.
Huyu wa tatu ni mgeni.
Jina lake mama aliniandikia kiganjani kwa kalamu
akakimbilia baa kabla meneja hajafika,
nami nikasahau, nikanawa.
Namwita Kajina.

Elfu mbili kwa usiku. Daftarini naandika
nani kala, nani kagoma, nani kakohoa mara ngapi.
Mwezi wa saba huku si mchezo,
maji ya ndoo yanang'ata,
lakini jiko la mkaa nalitoa nje
kabla sijatia komeo. Hilo sibishani na mtu.
Mtaa wa nyuma kuna watu walilala na moto.
Acha tu.
Sisi tunaota migongo ya wenzetu.

Nina sheria moja zaidi:
mtoto akiniita mama, siitiki.
Nasema, mimi Bibi Tusekile, mama anakuja.
Neno lile halimo kwenye elfu mbili.
Mwenyewe alikute zima asubuhi,
halijamung'unywa na mtu.

Saa nane treni ikapiga honi Iyunga.
Kajina akaketi ghafla, macho yamefumba,
kikohozi kinapanda kama lori Mlima Nyoka,
kinakwama, kinarudi nyuma, kinapanda.
Nikamweka begani, nikampigapiga mgongo
kwa kiganja kilekile.
Hatua sita hadi mlangoni, hatua sita kurudi,
naruka miguu ya Ipyana.
Akatulia. Kisha, sikioni mwangu, kwa pumzi ya moto:
"Mama."

Nikanyamaza.
Mlinzi wa ghala naye alikuwa anakohoa huko nje.

"Mama."

"Abee," nikasema.

Alfajiri akaja mwenyewe, viatu mkononi,
noti imelowa bia.
"Kalala?"
"Kalala. Kakohoa mara tisa."
Nikamfunulia daftari aone.
Lile jingine sikuliandika.
Alipokwisha kumfunga mgongoni
nikamwambia, kwa aibu ya mtu mzima,
nitajie tena jina lake.
"Ambwene."
Nikaokota kaa lililozimika mlangoni,
nikaliandika ukutani,
herufi kubwa, juu ya kitanda.
Noti nikaianika.